Leso ya Jumamosi

Siku ya kugawa nguo za Mama, shangazi yangu alinirushia leso moja kuukuu ambayo hakuna mwingine aliyeitaka. Rangi yake ya machungwa imepauka, na upande mmoja una tundu lililochomwa na pasi ya makaa. Maandishi bado yanasomeka: MTOTO UMLEAVYO NDIVYO AKUAVYO. Niliipeleka puani, kama watu wanavyofanya na nguo ya marehemu, nikitafuta harufu ya Mama. Nilipata harufu ya mafuta ya taa na sabuni ya mche. Papo hapo nikawa na miaka tisa, niko Dandora, nimepiga magoti juu ya leso hiyohiyo, na mdogo wangu yuko mbele yangu akisubiri niseme neno.

Nitawaambia nilichosema. Lakini mnivumilie kidogo, maana nimetumia maisha yangu yote kujizoeza kutokisema.

Nyinyi wa rika langu mliokulia Eastlands mnaikumbuka Dandora ilipokuwa bado inajengwa. Kaunsili ilikupa kiwanja chenye choo na bafu, vyumba ukajijengea mwenyewe kadiri ya nguvu zako. Kila ploti ilikuwa na rundo la mchanga, na kila baba alikuwa fundi, hata yule asiyejua kushika mwiko. Baba yangu alifanya kazi kwenye kiwanda cha mablanketi. Ukuta wa chumba chetu cha tatu aliusimamisha kwa wikendi mbili tu, kwa bloku ambazo hazijakauka, akikimbizana na mvua zilizorudi kwa fujo baada ya ule mwaka wa njaa na unga wa njano. Tulikuwa watoto watatu: mimi, na mapacha wa miaka mitano, Mukhwana na Mulongo. Sisi watu wa Bungoma hatuumizi kichwa kutafutia pacha majina; anayetangulia kutoka ni Mukhwana, anayemfuata ni Mulongo. Asubuhi moja ukuta ulimwangukia Mukhwana. Mulongo alikuwa amesimama hatua mbili kutoka hapo, na hakupata hata mkwaruzo.

Tangu siku hiyo Mulongo hakusema neno. Alikula, alilala, alikojoa kitandani, aligeuza kichwa akiitwa, lakini sauti ilizikwa na mwenzake. Baba hakumtazama usoni tena. Mimi nilidhani anamchukia. Leo najua kwamba kila alipomwona alikuwa anauona ukuta wake mwenyewe, ingawa kwa mtoto anayekwepwa na macho ya babake tofauti hiyo haisaidii chochote. Naye Mama akawa hana macho ila kwa Mulongo. Alimbeba mgongoni kama mtoto mchanga, miguu ikining'inia mpaka magotini pake, akipika naye, akifua naye. Mimi nioge nisioge, nile nisile, hakuna aliyeuliza.

Muuguzi wa kliniki ndiye aliyempeleka Mama kwa yule mwalimu. Alikuwa mama mfupi mwenye miwani, mkaazi wa Buruburu, aliyesomea ng'ambo mambo ya watoto waliopatwa na mshtuko. Kila Jumatano alasiri alikusanya wazazi katika ukumbi wa kanisa, wanawake sita na mwanamume mmoja aliyekaa karibu na mlango, akawafundisha kucheza na watoto wao. Ndiyo, kucheza. Mtoto aliyeumia, alisema, hawezi kukaa kitini akakueleza. Lakini mpe vitu vya kuchezea, kaa naye chini, nyamazisha mdomo wako wa mzazi, naye atakuonyesha kwa mikono. Habari ilienea plotini kabla Mama hajavua viatu.

"Mama Pacha," Mama Auma, jirani yetu, alimwuliza penye mfereji. Waliendelea kumwita Mama Pacha hata pacha walipobaki mmoja. "Aki ni kweli mnafundishwa kalongolongo? Na meno yako yote hayo?"

"Ni kazi," Mama akasema. "Tena ngumu kuliko yako ya kuuza omena."

Wanawake wakacheka mpaka wakashikana. Mama akajitwisha ndoo yake akaondoka bila kucheka. Na mimi njiani kwenda shule watoto waliniimbia, "Mathee wenu anaenda nasari! Mathee wenu anaenda nasari!" nikawarushia mawe.

Masharti ya mwalimu Mama aliyakariri huku akisonga ugali. Usiulize. Usifundishe. Usisifu, usikemee. Sema unachokiona na unachodhani kiko moyoni mwake, basi. Fuata, usiongoze. Sasa, mama yangu alikuwa mtu wa amri. Toa hiyo. Weka hapo. Funga mlango. Nani amekutuma? Hayo ndiyo yalikuwa mazungumzo yetu tangu nizaliwe. Kumwambia mtu kama huyo asiulize wala asikemee ilikuwa kama kumwambia kuku asichakure.

Vitu vya kuchezea walivitengeneza wenyewe ukumbini. Walishona wanasesere kutokana na sweta kuukuu zilizofuliwa kwa sabuni ya mche: baba, mama, watoto. Kulikuwa na gari la waya, nyoka wa soksi, vifuniko vya soda vya kupikia, na rundo la viberiti vitupu vya kujengea. Vyote vilikaa katika sanduku la bati lililowahi kuwa na chupa ya mafuta ya taa, na harufu ile haikutoka kamwe. Uwanja wa mchezo ulikuwa leso. Ndani ya maandishi ya ukingoni, mtoto ndiye mkubwa. Ukitoka nje ya maandishi, mambo ni yaleyale ya kila siku.

Jumamosi ya kwanza Mama aliniita mimi.

Alikuwa ameitandika leso sakafuni, amekaa juu yake na miguu ameinyoosha mbele kama mgeni msibani. Saa ya mezani ya Baba ilikuwa kando yake. Mulongo alikuwa ameachwa kwa Mama Auma.

"Kuja, mama," akaniambia. Mimi nimerithi jina la mama yake, na zamani alipofurahi aliniita mama. Hakuwa ameniita hivyo tangu mazishi. "Huu ni wakati wetu, nusu saa. Hapa juu ya leso wewe ndiye unaamua."

"Nimefanya nini?" nikauliza.

"Hujafanya kitu."

"Ni nani amenisema?"

Akafungua mdomo kunikemea, akaufunga. "Unaogopa nitakupiga," akasema polepole, macho darini, kama mtoto anayekariri shairi mbele ya darasa.

Ilikuwa kweli. Na hakuna mtu aliyekuwa ameniambia kweli yangu mimi namna hiyo, bila kiboko nyuma yake. Nilivua malapa nikakaa.

"Umechukua gari," Mama akasema. "Unaliendesha... unalipeleka kwa nyoka. Gari limemkanyaga nyoka. Umefurahi." Nilimtazama nikidhani amerukwa na akili. Nikalirudisha gari kinyumenyume juu ya nyoka. "Umemkanyaga mara ya pili," Mama akasema, jasho likimtoka. Hakuniuliza nyoka amekosa nini wala hakuniambia nitaharibu magurudumu. Alinifuata tu, kila nilipokwenda, kwa macho na kwa sauti, na kabla ya mwisho akasema, "Zimebaki dakika tano," kama alivyofundishwa, ili mtoto asishtuke. Nilizichukia dakika hizo tano kuliko shule.

Jumamosi ya tatu nilimfanya yeye mtoto na mimi mama. "Lia," nikamwamuru. Akalia kwa kujifanya, hii, hii, hii, vibaya kabisa. "Lia vizuri!" Nikamfunika kwa kitambaa cha meza, nikampapasa mgongoni kama nilivyowaona wanawake wakifanya siku ya matanga, nikamwambia yaleyale waliyomwambia wao. "Nyamaza sasa. Ni mapenzi ya Mungu. Si una mwingine amebaki?"

Mama akalia kweli. Mabega yalitikisika chini ya kitambaa. Mimi nikajua kwamba leo tumeucheza mchezo barabara.

"Umeniambia nina mwingine," alisema akifuata masharti, kamasi zikimtoka. "Unataka ninyamaze."

Nikamwambia ndiyo, anyamaze, uji wake unapoa. Nikamnywesha uji wa hewa kwa kifuniko cha soda, akaunywa wote.

Nilipata Jumamosi nne. Sijapendwa vile kabla ya hapo wala baada ya hapo, na nimeolewa mara mbili. Sababu nilijua, au nilidhani najua. Mama alikuwa amegundua, hatimaye, kwamba mwana mmoja amekufa, mwingine ameharibika, na mzima aliyebaki ni mimi. Nilianza kutembea plotini shingo juu. Watoto wakiimba habari ya nasari niliwacheka.

Jumamosi ya tano nilioga mapema bila kutumwa. Mama alitandika leso, akaitia saa ufunguo, akanitazama nikivua malapa.

"Enda ucheze nje, mama," akasema. "Leo ni ya Mulongo."

Nilidhani ni ya siku moja. Jumamosi iliyofuata nikafukuzwa tena, nikachukua karai, nikaligeuza chini ya dirisha, nikapanda. Mulongo alikuwa amekaa katikati ya leso yangu. Alipanga viberiti kimoja juu ya kingine mpaka vikawa ukuta, akaupiga kofi.

"Umejenga ukuta," Mama akasema. "Umeuangusha."

Hakuwa anakariri tena. Sauti ilikuwa laini, imezoea, kama ya mtu aliyezaliwa nayo. Mulongo akajenga upya, akaangusha. Nusu saa nzima alijenga na kuangusha, naye Mama akasema kila mara, "Umeuangusha. Umekasirika sana." Nami juu ya karai nilikasirika sana na hakuna aliyelisema.

Wiki hiyo nilikuwa nyuma ya shuka lililoanikwa, nikinyonya pindo lake kwa sababu ya kiu tu, Mama Auma alipokuja kuanika za kwake kando ya Mama.

"Na huyu msichana," Mama Auma akasema, "si hata yeye ulikuwa unamchezesha? Alikuwa na nini?"

"Huyo? Hana kitu," Mama akajibu. "Mwalimu alisema tujifunzie kwanza kwa mtoto asiye na shida, ndio tusije tukamharibu yule wa kweli."

Mnajua jinsi mwanafunzi wa cherehani anavyofundishwa. Hapewi kitambaa cha mteja. Anapewa karatasi ya mfuko wa saruji aikate, aikunje, aishone na kuifumua mpaka mkono upate adabu, na karatasi ikichakaa inawashiwa jiko. Mimi nilikuwa karatasi ya saruji. Kila neno aliloniambia juu ya leso lilikuwa limekusudiwa mtu mwingine. Nilisimama pale na pindo la shuka mdomoni mpaka wakaondoka, nikaumia kwa namna ambayo hata sasa nikiiandika natamani kuvunja kitu.

Nilimchukia Mama kwa siku mbili. Ilikuwa kazi nzito mno kwa mtoto, kwa sababu ni yeye aliyepakua chakula. Basi chuki hiyo nikaihamishia kwa Mulongo, ambaye hakuwa na mdomo wa kunishtaki. Nilimfinya alipopita. Nilimwambia kitanda chake kinanuka. Nilikula nyama yake mbele yake, naye akanitazama tu kwa yale macho makubwa, na hilo nalo likanichukiza.

Halafu Jumamosi moja, karibu na shule kufungwa, nikiwa juu ya karai langu, Mulongo aliuangusha ukuta wa viberiti na kusema, kwa sauti nyembamba yenye kutu, "Imeanguka."

Mama akasahau yote aliyofundishwa. Alimrukia, akamkumbatia, akamtikisa. "Umesema nini? Sema tena, baba! Sema tena Mama asikie!" Mulongo akaficha uso kwapani mwake na hakusema kingine. Lakini plotini kulikuwa sikukuu. Mama Auma alipiga vigelegele. Jioni Baba aliporudi kutoka kiwandani aliambiwa kabla hajavua koti.

"Neno moja si shule," Baba akasema. Alisema akitazama meza. "Mwalimu mkuu amenieleza wazi, Januari hachukui bubu. Krismasi ikifika kama haongei, nampeleka kwa mama yangu huko nyumbani. Akae na ng'ombe."

"Hutampeleka," Mama akasema. "Nipe Jumamosi hizi zilizobaki. Nakuomba, Baba Pacha. Usininyang'anye na huyu."

Sikuwahi kumsikia Mama akimwomba mtu kitu. Alipiga goti moja sakafuni, na Baba akaenda nje. Kwa hiyo nilijua vizuri kabisa kilichokuwa kinapimwa. Nisije nikajificha nyuma ya utoto wangu. Nilijua kwamba Mulongo akiongea atabaki, asipoongea ataondoka, na kwamba moyo wa Mama wote ulikuwa umewekwa hapo.

Jumanne yake Mama alikwenda kinuni kusaga mahindi, akaniachia mtoto. Nilitoa leso kabatini nikaitandika. Nikaleta sanduku. Nikaweka saa.

"Kuja, baba," nikamwambia kwa sauti ya Mama, ile laini. "Huu ni wakati wetu. Hapa juu ya leso wewe ndiye unaamua."

Aliitazama leso, akanitazama mimi. Kisha akavua malapa yake moja moja, akayapanga vizuri nje ya maandishi, akakaa. Aliniamini hivyohivyo, mimi niliyekuwa nikimfinya. Alichukua viberiti akaanza kujenga.

"Unajenga ukuta," nikasema. "Umefika juu."

Akapanga viberiti. Akamtoa mwanasesere mmoja mdogo akamsimamisha nyuma ya ukuta, na mwingine mbele yake.

"Kuna watoto wawili," nikasema.

Nilikuwa hodari, lazima niseme. Nilikuwa nimefundishwa kwa Jumamosi nne na kuchungulia nyingine nyingi. Yule wa mbele akaukaribia ukuta, akaugusa kwa kichwa chake cha sufu. Ukaanguka.

"Ni mimi," Mulongo akasema.

Nilingoja, kama Mama angengoja.

"Tulikuwa tunacheza kusukuma," akasema. Maneno yalitoka mazima, moja baada ya jingine, kana kwamba yalikuwa yamepangwa ndani siku zote. "Yeye alikuwa huko, mimi nilikuwa hapa. Mimi nikasukuma. Nikasukuma na nguvu. Ni mimi nilimuua Mukhwana?"

Jibu lilikuwa mdomoni mwangu. Ningalisema tu, unaogopa kwamba ni wewe. Au ningalitoka nje ya masharti nikamwambia, ni mvua, ni bloku mbichi, mtoto wa miaka mitano hawezi kuusukuma ukuta. Hata mimi wa miaka tisa nilijua hivyo, nilikuwa nimewasikia wanaume wakisema kwenye mazishi. Mama angalirudi kutoka kinuni akakuta mwana anayeongea.

"Ndiyo," nikamwambia, kwa sauti ileile laini. "Ni wewe. Na Mama anajua. Unafikiri anakutandikia leso kila Jumamosi kwa sababu gani? Anangoja useme mwenyewe. Ukisema tu, atakupeleka kwa polisi."

Hakulia. Mkojo ulimtoka, ukatengeneza duara jeusi juu ya leso, ukaenea mpaka kwenye maandishi. Nikaitazama saa ya Baba.

"Zimebaki dakika tano," nikasema.

Niliifua leso mwenyewe kabla Mama hajarudi. Alinishukuru, akasema nimekuwa msichana mkubwa.

Jumamosi Mama alipoikung'uta leso ile kuitandika, Mulongo alipiga kelele ambazo sijawahi kusikia tena. Hazikuwa na neno ndani yake. Alijibana kwenye pembe ya chumba akakwaruza ukuta kwa kucha, na Mama alivyozidi kusema, "Umeogopa, baba, umeogopa sana," kwa ile sauti laini, ndivyo alivyozidi kukwaruza. Mama alijaribu Jumamosi iliyofuata, na iliyofuata. Mwalimu mwenyewe alikuja kutoka Buruburu, akakaa kwenye kochi letu na miwani yake, akasikiliza.

"Ni mimi," Mama akamwambia. "Siku ile alipotoa neno nilimrukia. Nilimwambia sema tena, sema tena. Wewe ulitukataza."

"Kila mzazi angefanya hivyo," mwalimu akasema kwa upole. "Lakini labda alihisi anaharakishwa. Mtoto akiharakishwa wakati mwingine hujifunga."

Mama akajipiga mdomoni kwa kiganja, mara mbili, mbele ya mgeni. "Mdomo huu," akasema. "Mdomo huu." Mimi ndiye niliyekuwa nimeshika sinia la chai.

Kabla ya Krismasi Baba alimchukua Mulongo kwa basi la Bungoma. Mama alitaka kumfungia nguo zake ndani ya leso, Mulongo akaikataa kwa miguu na mikono, zikafungwa kwa shuka. Miezi ikapita, ikaja barua kwamba mtoto anaongea, anachunga, ameingia shule ya huko. Mama alifurahi, akalia, akasema Kukhu ameweza kwa siku chache kitu ambacho yeye na masomo yake yote alikiharibu. Kukhu ni bibi yetu, mama yake Baba. Lakini Mulongo hakurudi kuishi nasi. Alikuja likizo kama mgeni, akakaa kiti cha karibu na mlango, akajibu alipoulizwa.

Nami nilikuwa nimeshinda. Jumamosi moja baada ya yeye kuondoka nilioga, nikatandika leso, nikakaa katikati yake na miguu nimekunja. Mama akaingia na karai la nguo akanikuta.

"Kunja hiyo," akasema, akapita.

Miaka iliyofuata nitairuka, haina la maana hapa. Nimesoma, nimefanya kazi, nimelea watoto wangu kwa makofi machache. Mama alipougua ni mimi niliyemwuguza, kwa sababu mimi ndiye mtoto mwema, ulizeni mtu yeyote. Siku moja hospitalini, jua la saa tisa likiwa kwenye shuka lake, alianza tena habari ya Mulongo.

"Hivi nilikosea pale tu?" akaniuliza. "Siku ile ya neno moja? Au kuna kitu kingine nilifanya, nikasahau? Wewe ulikuwepo. Niambie, mama."

Hakuna mtu mwingine wodini aliyetusikia. Alikuwa ananiomba, kama alivyomwomba Baba siku ile.

"Unajilaumu," nikamwambia polepole. "Unaumia sana moyoni."

Mama alinitazama. Kisha akacheka, kicheko kidogo kisicho na pumzi. "Umekumbuka," akasema. Akanishika mkono. "Wewe nilikupatia. Nilijifunzia kwako na sikukosea hata Jumamosi moja. Nikifikiria yule niliyemharibu, najiambia, angalau tazama huyu." Akafa wiki hiyo.

Tulimzika nyumbani, Bungoma, karibu na Mukhwana. Na siku hii ya kugawa nguo, baada ya kuinusa ile leso, niliitandika sakafuni mlangoni nipange juu yake vitu vyangu. Mulongo aliingia kuchukua ndoo ya kukamulia. Ana mvi sasa, na tumbo. Alifika kwenye maandishi, akasimama, akajibanza na ukuta akaizunguka leso mpaka upande wa pili, kama mtu anayekwepa shimo. Alitoka kwa mlango wa jikoni.

Nilimfuata zizini. Alikuwa amechuchumaa chini ya ng'ombe, anakamua.

"Mulongo," nikasema. "Si wewe uliyeuangusha ule ukuta."

"Najua." Hakuacha kukamua.

"Tangu lini?"

"Tangu mwaka ule niliokuja. Kukhu aliona ninakataa kuegemea nyumba. Akanipeleka kwa ukuta wa kanisa, akaniambia, haya, sukuma uanguke. Yeye akakaa pale anachambua kunde. Nilisukuma tangu asubuhi mpaka jua likapinda. Akaniuliza, umeanguka? Nikamwambia, Kukhu, haujaanguka." Maziwa yalilia ndooni. "Ndiyo siku nilianza kuongea."

"Basi mbona hukumwambia Mama nilichokufanyia? Amekufa akidhani ni mdomo wake."

"Alikuja hapa mwaka jana kuniomba msamaha. Alipiga magoti, mzee kama yule, hapo ulipo."

"Ukamwambia nini?"

"Nilimwambia nimemsamehe."

"Mulongo! Ungemwambia ni mimi!"

Sasa aliacha kukamua, akanitazama kwa yale macho yake makubwa ya utotoni. Hayakuwa na hasira, na ningelipa chochote yawe nayo.

"Kila akija hapa alisema, yule msichana nilimpatia. Yule ndiye nilimlea vizuri. Ningemwambia, angebaki na nani?"

Akamaliza chuchu ya mwisho, akainuka ameshika kiuno, akachukua ndoo.

"Enda ukaikunje hiyo leso," akasema. "Nataka kupita na maziwa."

Nilikwenda nikaikunja.